Naitreti Ukweni

Jumatatu, 3 Machi

Kulala ukweni ni mtihani. Unakohoa kwa adabu, unakula kwa adabu, unapiga chafya kwa adabu! Mke wangu amejifungua, amekuja kupumzika kwa mama yake, nami nikafuata kwa kuwa huku ni karibu na kazini. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ya kweli ni kwamba silali bila kumwona yule mtoto.

Mke wangu yuko kwenye dawa kali, kunyonyesha amekatazwa. Mtoto anakunywa maziwa ya kopo, yanakorogwa kwa maji ya kisima cha mama mkwe. Kisima chenyewe kina sifa mtaa mzima. Hakikauki. Maji meupe, matamu. Jirani mwenye mapacha, Mama Pacha, anachota hapa asubuhi na jioni, na mapacha wake pia ni wa chupa.

Leo nimejaza kichupa nikakitia mfukoni. Mazoea ya kazi tu, mimi ni mpima maji. Fundi cherehani akienda kwa watu hutazama mapazia.

Jumanne, 4 Machi

Jibu sikulipenda. Nikarudia kipimo. Sikulipenda tena.

Naitreti! Karibu mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Bi Pipeti, mkongwe wa maabara yetu (jina tumempa sisi, analijua na anajifanya halijui), akachungulia begani mwangu. Maji ya nani haya? Nikasema ya mteja. Mteja gani? Mteja mmoja hivi. Akacheka, akasema huyo mteja mmoja hivi ana choo jirani na kisima.

Anacho! Choo kipya, cha vigae. Shimo alichimba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hajasomea uhandisi popote lakini wote wanamwita Injinia. Kiko upande wa juu wa kisima, kwenye mteremko. Mkojo unazama ardhini, vijidudu vya udongo vinaugeuza kidogo kidogo mpaka unakuwa naitreti, na naitreti inafuata maji kokote yaendako. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haina haya. Mtu mzima hunywa asijue. Lakini kwa mtoto mchanga inageuka tumboni, inaishika damu isibebe hewa, na midomo inaanza kuwa ya buluu.

Jioni yote nimemkagua mtoto midomo. Kwa tochi. Mama mkwe amesema tangu azaliwe hajaona baba mwenye mapenzi namna hii.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza mke wangu. Akasema: mwambie mama. Mimi? Wewe ndiye mtaalamu. Wewe ndiye binti! Anasema akienda yeye ataambiwa amelishwa maneno na mume. Basi niende mimi, mkwe, nikamwambie mama wa watu kwamba anakunywa — hapana. Mbele yake sijawahi kutamka hata neno choo. Nikibanwa nasema naenda kunyoosha miguu. Anadhani mimi ni mwanamichezo.

Nikajaribu mezani, kwa kuzunguka mbuyu. Mama, maji ya siku hizi si ya kuamini. Akakubali kwa moyo mmoja! Ndiyo maana, akasema, ya mtoto anayachemsha mara mbili, mpaka sufuria ibaki nusu.

Nusu! Moto unaua vijidudu, naitreti hauigusi. Kinachopaa na mvuke ni maji, yenyewe inabaki chini inakolea, kama chumvi kwenye mchuzi uliosahauliwa jikoni. Bibi anampenda mjukuu wake, na kadiri anavyompenda ndivyo anavyozidisha moto. Nilimeza bila kutafuna.

Ijumaa, 7 Machi

Vita vya themosi. Nabeba maji ya bomba la kazini, nimeyapima mwenyewe, naingia nayo kama mwizi, naijaza themosi ya mtoto. Mama mkwe anafungua, ananusa klorini. Maji gani haya yananuka dawa! Anayamwaga kwenye maua, anajaza yake. Akienda kuwapa kuku chakula, mimi namwaga yake, najaza yangu. Mke wangu ndiye mlinzi, anakohoa akimwona anarudi. Kwa kukohoa kote huko leo amepewa tangawizi.

Jioni mama mkwe alinikuta nimeikumbatia themosi. Nikasema naitazama tu, ni nzuri. Akafurahi. Anasema siku tutakayorudi kwetu atanipa kama hiyo.

Maua yake, kwa kweli, yanastawi.

Nimemwambia Bi Pipeti ukweli wa mteja. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia nimekwisha kuzaa, ndiyo taabu yenyewe. Mke wangu naye ameshasema mama haamini karatasi, anaamini macho. Bi Pipeti akafungua kabati, akatoa kopo dogo: rangi ya kufuatilia maji. Unga mwekundu, ukigusa maji unakuwa kijani kikali. Hauna sumu. Unatia chooni, kisha unasubiri kisimani. Ukitokea, hakuna wa kubisha.

Ncha ya kijiko tu, alisema. Kisha akasema tena: ncha.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kunyoosha miguu na kopo ndani ya koti. Nikatia ncha ya kijiko. Nikatazama. Kidogo sana! Udongo si utaumeza wote? Nikaongeza. Nikamfikiria yule mtoto. Nikaongeza. Mwishowe kopo lilibaki na unga wa kufuta kwa kidole, nikaona kubakiza ni uchoyo.

Vidole vyangu sasa ni vya njano. Mama mkwe ameviona. Nimesema ni kazi. Akasema pole, kazi zenu za maabara ni ngumu.

Jumapili, 9 Machi

Injinia ameugua. Aliingia chooni asubuhi akiimba, akatoka kimya. Hakula. Baadaye akanivuta pembeni ya banda la kuku, uso umemshuka. Shemeji, wewe si mtu wa vipimo? Ndiyo. Mtu akikojoa kijani, ni ugonjwa gani?

Unga uliobaki kwenye sinki la choo, bila shaka — ukilowa tu unageuka. Nilitaka kumwambia. Lakini Injinia hana kifua, akijua yeye mchana, jioni mtaa unajua. Nikamwambia anywe maji mengi. Kisha nikakumbuka ni maji gani! Nikamwambia asinywe maji. Akaniuliza, sasa ninywe au nisinywe? Nikasema soda.

Baada ya chakula cha mchana akanikabidhi kichupa kilichofungwa kwa leso. Kipimo chake, nikampimie kwa siri. Akaomba nisimwambie dada yake. Akaomba pia, yakitokea ya kutokea, nimtazamie mama. Nilijisikia mshenzi.

Jumanne, 11 Machi

Kijani!!!

Mama Pacha ndiye aliyevuta ndoo ya kwanza. Ukelele wake ulinitoa kitandani. Ndoo imejaa kijani kama kasuku, inang'aa juani. Bi Pipeti alisema ncha ya kijiko ingeleta rangi hafifu ya kuonekana kwenye glasi tu. Mimi nimeleta kasuku.

Majirani wakajaa. Mmoja anasema ni shaba. Mwingine ni majani yameoza. Wa tatu anasema husuda, mtu ametia mkono wake. Mama mkwe amesimama kati yao, mikono kiunoni, anauliza ni nani mwenye roho hiyo. Nilivirudisha vidole vyangu vya njano mfukoni. Injinia alichungulia ndoo, akanyanyua uso, macho yanameta. Kumbe si mimi! Akaikumbatia ile ndoo. Watu wakadhani uchungu umempanda kichwani.

Mchana mke wangu akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Nilikaa nje nafundisha kuku kutembea. Alipotoka alisema amemweleza yote: choo, mteremko, mimi, kopo. Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, mtoto ameyanywa tangu lini?

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe haniongeleshi. Salamu anaitikia, kisha anageuka. Lakini sahani yangu ina minofu mikubwa kuliko ya wote. Hilo ndilo linalonitisha.

Rangi inafifia. Maji yameanza kuwa meupe tena, na kwa macho ya watu, meupe ni mazima. Mama mkwe ametangaza: Jumamosi majirani waje waone kisima kimepona. Atakunywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe.

Mke wangu amenieleza jambo ambalo sikulijua. Kisima hiki mama alikichimba na marehemu mumewe. Baba chini na sururu, yeye juu anavuta udongo, na mimba ya Injinia tumboni. Watu waliwacheka kwamba hapo hakuna maji. Yakatoka.

Nami nimekuja na kichupa changu. Nimejaribu kuona kosa langu liko wapi, silioni, na bado najisikia mkosaji.

Jumamosi, 15 Machi

Uwanja umejaa. Viti vimeazimwa. Mama mkwe amevaa nguo ya kutokea. Amekwisha kuwatangazia wageni kwamba msomi wa maji yumo humu humu nyumbani, atasema mwenyewe mbele ya watu.

Sikuwa nimeambiwa!

Nikakimbilia jikoni. Nikamkuta mama mkwe kachuchumaa nyuma ya mlango, anamimina maji kutoka kwenye dumu lililofunikwa gunia. Anaijaza themosi ya mtoto. Harufu ilinifikia hapo hapo: klorini. Maji ya bomba! Huyafuata mtaa wa pili alfajiri, watu hawajaamka, analibeba dumu mwenyewe. Tangu Jumatano, alisema, kabla sijauliza.

Hakushtuka wala hakuona haya. Alifunga kifuniko akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu yale hanywi tena. Sasa twende ukaseme maji ni mazima. Tufunike kombe mwanaharamu apite, mwanangu." Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono! Nampenda mama huyu, na hilo ndilo linalonifunga ulimi.

Nikasema nakuja, nibadilishe shati.

Niko chumbani. Shati liko kitandani. Naandika. Mtoto wangu amelala hapa, midomo myekundu, hana neno. Ningetoka sasa hivi nikasema maneno mawili, maji mazima, na nyumba ingekuwa na amani. Nani angejua?

Dirishani namwona Mama Pacha. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kapakatwa na Injinia. Hakusubiri hotuba, kashusha ndoo. Anavuta. Maji meupe kama kioo. Anasema mara hii hata kuchemsha hana haja, yalivyo safi! Anafungua chupa ya pacha pale pale kisimani —

Nimepiga ukelele. Dirisha sijui nilifungua saa ngapi. "Usimpe! Yanatoka chooni! Chooni!" Mara ya pili sijui ilikuwa ya nini, ya kwanza walisikia hata wa barabarani. Chupa imemponyoka Mama Pacha. Wengine wananitazama mimi, wengine wanakitazama choo. Injinia anatazama mbingu.

Mama mkwe alikuwa na kikombe mkononi. Hakukinywa. Alikiweka chini ya kiti, akainuka bila kumtazama mtu, akaingia ndani.

Nasikia ndara zake ukumbini. Hazina haraka. Nimesimama katikati ya chumba nimeshika daftari kama ngao. Zimefika mlangoni kwangu. Zimepita. Zimeingia jikoni. Sasa zinatoka, na safari hii kuna kitu kizito kinaburutwa sakafuni, kinagonga kizingiti, maji yanachapa ndani yake.

Dumu! Bila gunia! Analiburuta kwenda uwanjani, kwa Mama Pacha, mchana kweupe, mbele ya watu aliowaita yeye mwenyewe. Mtu amemwuliza, mama, hayo si ya bomba? Yeye anazidi kuliburuta.

Ananiita.

"Mkwe! Njoo unipokee huku, au kazi yako ni kelele tu?"

Nami shati sijavaa —