Vidonge Ulivyomwachia Mama Mdogo

Gisenyi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Bibi anasema marehemu asisumbuliwe nayo.

Tulipogawana vitu vyako, Bibi alichukua vitenge. Mdogo wako, mama mdogo Furaha, alichukua beseni lako la samaki na ule mkebe wa vidonge vya rangi mbili ulivyokuwa ukinunua Goma. Hakuna aliyepinga. Sokoni kila mwanamke aliyechomwa na mwiba wa tilapia alikuja kwako. Ulipasua kidonge, ukamwaga unga kwenye kidonda, ukamwambia, "Bon, rudi ku kazi." Mimi nilifumba macho, nawe ukanicheka.

Ndivyo ulivyoutibu hata mkono wako mwenyewe ulipochomwa. Unga ulikauka ukawa kigaga kizuri, na chini yake usaha ukaendelea. Tulipokufikisha hospitali, muuguzi alisema bakteria wameshaingia kwenye damu. Bado nakusikia ukimwomba radhi kwa sababu ya harufu ya samaki.

Sasa mama mdogo amechomwa kidole, naye amekimwagia unga uleule. Shuleni tumefundishwa: osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, kikivimba nenda kituo cha afya, na dawa uliyoandikiwa uimalize hata ukipata nafuu. Nilimwambia yote hayo. Alicheka. "We Divine, uko docteur tangu lini? Hii dawa iko ya mama yako!" Ningesema nini, Mama? Kwamba dawa yako ndiyo iliyokuchelewesha?

Leo asubuhi kidole kimevimba kama kamaramasenge, zile ndizi ndogo ulizozipenda, na mstari mwekundu unapanda mkononi. Amekwenda sokoni hivyohivyo. Bibi anasema tumwachie Mungu. Mimi nimechoka. Naona tunarudi kulekule, na safari hii njia naijua.

Pumzika, Mama. Nakuahidi akirudi sitampisha mlangoni mpaka akubali twende kituo cha afya leo hii; hata Jumapili kuna mtu wa zamu. Lakini atacheka tena, na maneno niliyonayo ni yale ya shuleni tu. Wewe ulikuwa mbishi kama yeye. Nijibu kabla hajafika: ningekuambia nini, nawe ukakubali kwenda mapema?

Mwanao,
Divine