Blanketi Juu ya Kompyuta

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua haijakata tangu jana asubuhi na ukungu umeshuka mpaka stendi. Mlima hauonekani, lakini unasikika ukinguruma.

Leo nimepewa pole nisiyostahili, nikaipokea.

Nianze na jana. Shuleni kwetu kuna kompyuta tatu za msaada, zote zilifika mbovu. Mwalimu wa fizikia na sisi wasichana wanne wa kidato cha tatu tumetumia muhula mzima kuzifungua, kupangusa kutu na kuunganisha vipande vizima ili tupate moja. Ilipowaka mara ya kwanza hatukushangilia. Tulisimama tu tukiisikiliza feni.

Ilibaki kuiwekea Linux, programu ya kuiendesha, ambayo ni ya bure na mwalimu anayo kwenye sidii. Shuleni umeme ulikuwa umekatika wiki nzima na tuliambiwa utarudi Jumatatu, kwa hiyo akaniruhusu niilete nyumbani, hapa Tukuyu mjini. Kesho bodi ya shule inakuja kuiona. Ikiwaka, chumba kinabaki cha kompyuta. Isipowaka, kinarudi kuwa stoo ya mahindi.

Saa nane mchana Linux ilikuwa imeingia zaidi ya nusu. Ndipo ngurumo zikaanza.

Bibi yangu akainuka. Kwetu, radi ikinguruma, kila kinachong'aa hufunikwa: kioo, masufuria, hata saa ya ukutani. Alipofika kwenye kompyuta akasimama.

"Gwe mwana, chomoa huo waya, halafu ufunike."

"Bibi, nikichomoa sasa itaharibika. Imebaki kidogo tu."

"Ladi haisubiri kidogo chako."

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya darasa nikaeleza kwamba kioo hakiiti radi. Nilipata alama zote. Lakini ngurumo iliyofuata ilitikisa bati, nikachukua blanketi la Bibi nikaifunika kompyuta yote, skrini na kasha, huku inawaka.

Bibi aliniambia mambo mawili. La maana nililikataa, la woga nikalifuata.

Feni ilikosa hewa. Kwa mvua ile sikuisikia ikihangaika. Kilichonifikia ni harufu, kama ya nywele zinazoungua. Nilipofunua, blanketi lilikuwa limeungua doa, kasha lilikuwa la moto kama chungu na skrini ni nyeusi. Radi haikupiga popote. Leo asubuhi nimebonyeza mara saba. Kimya.

Baada ya ibada, kabla sijafungua kinywa, Bibi alikwisha kuwaambia akina mama kwamba radi ilipiga kompyuta na Mungu akamwokoa mjukuu wake. Hasemi uongo, ndivyo anavyoamini. Mwalimu akanishika bega.

"Pole, binti. Cha muhimu mko wazima."

Nikasema, "Asante, mwalimu."

Maneno mawili tu.

Kisha nikamsikia mkuu wetu wa shule, nyuma yangu, akizungumza na mzee mmoja wa bodi.

"Kama vitu vyenyewe vinaita radi, mimi watoto wa watu siwaweki humo."

"Mahindi hayajawahi kuita radi, mama," mzee akamjibu, wakacheka kidogo.

Nikinyamaza, mimi nabaki salama na chumba kinakufa, na wale wenzangu watatu wanarudi kubeba magunia mle mle. Nikisema, huenda chumba kikapona na mimi nisishike tena bisibisi. Labda kilichoungua ni pawa saplai peke yake, kile kisanduku kinachogawa umeme. Mwalimu ana nyingine kabatini ambayo hatujawahi kuijaribu. Labda. Lakini hataitafuta kama anaamini ni radi.

Naandika haya kwenye mkahawa wa intaneti. Ngurumo zimerudi, karibu zaidi kuliko jana. Mwenye mkahawa anapita mashine moja baada ya nyingine akizima na kuchomoa nyaya.

"Mdogo wangu, maliza. Nakuja kwenye yako."

Hafuniki kitu.

Kesho nitakuwa mlangoni kwa mwalimu kabla ya kengele, na kompyuta kichwani, na blanketi mkononi ili aone palipoungua. Bisibisi ya shule nitaibeba pia. Sijui kama nitarudi nayo.