Tonge la Kupimia Breki

Ngamiani, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu na baridi ya huko Mlalo haikusumbui sana. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu juzi. Kwenye simu maneno hunikwama, ndiyo maana naandika.

Fundi Mbwana ameanza kuniachia kazi za breki. Juzi alinipa pikapu kuukuu ya Babu Salim, mzee wa mtaa huu, nibadilishe busta, lile dude la duara linaloupa mguu nguvu unapokanyaga breki. Lina kifimbo kinachosukuma masta silinda, panapotoka mafuta ya breki. Kikiwa kirefu mno, breki haziachii matairi. Kikiwa kifupi, pedali inazama. Hapa gereji tunakipima kwa ugali. Unabandika tonge dogo kwenye ncha yake, unafunga masta silinda, kisha unaifungua. Tonge likibaki na unene wa ukucha, umepatia.

Sasa Mama, huu ni mwezi wa Ramadhani. Wote hapa wamefunga isipokuwa mimi, na hata maji nakunywa nikiwa nimejificha stoo. Niliona aibu kuomba ugali mchana kweupe. Nikakadiria kwa jicho. Fundi aliporudi kutoka msikitini akauliza, "Umepima?" Nikaitikia kwa kichwa. Babu Salim akampakia mkewe, wakaenda msibani Horohoro.

Haikupita saa moja nikaweka spana chini. Niliwaza breki zikishika zenyewe, zikipata moto, halafu zikatae kabisa mbele ya lori. Nilipita mlangoni kwa fundi mara tatu. Mwishowe nikasema, "Fundi, sikupima."

Akanitazama, akachukua simu. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Mama, sijawahi kumwomba Mungu vile.

Alasiri pikapu ikaingia ikijikokota, Babu Salim kachomoza kichwa dirishani. "Mbwana! Gari linanuka kama jiko la futari! Nimegeuza njiani, mke wangu anasema tutafika tumeiva!"

Watu walicheka. Mimi nililia. Fundi hakunifokea, alisema tu, "Binti wa mlimani, aibu yako ingeua watu wawili."

Bi Tunu, mke wa Babu Salim, alisikia yote. Akiwa na swaumu yake akasonga ugali wa kiganja kimoja. "Chukua, mwanangu," akaniambia. "Tumefunga kula. Nani kakwambia tumefunga kusonga?"

Nikapima. Kifimbo kililitoboa tonge mpaka upande wa pili. Nikakifupisha kidogo kidogo, nikapima mara nne, mpaka ukabaki ule unene wa ukucha.

Leo asubuhi wameondoka tena. Fundi aliuliza mbele ya watu, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima," na sauti yangu ikafika getini. Hata hivyo chai imenishinda. Nimeandika yote haya jicho likiwa kwenye simu ya fundi.

Imelia sasa hivi. Wamefika. Babu Salim anasema kashuka akashika magurudumu yote manne kwa kiganja: hayana moto.

Nisalimie bibi, mwambie nakula vizuri. Msalimie mjomba Yona anayekusaidia shambani, na mdogo wangu Elia, mwambie asichezee baiskeli yangu.

Ndani ya bahasha kuna kitu kigumu kidogo. Ni lile tonge la mwisho, nimelianika juani. Usilitupe, Mama. Kuna alama ya kifimbo.

Mimi mwanao ninayekuwaza,
Neema