Saa Yetu na Saa Yao

Beit Jala,
29 Septemba 1999

Kaka yangu Khader,

Salamu zikufikie huko Santiago, wewe, wifi na watoto, na zikukute mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu ambalo limekataa kuzeeka kimya kimya. Na kisukari je? Wifi aliniandikia kwamba unaficha biskuti kwenye droo ya soksi. Mtu mzima ovyo!

Habari kubwa ni kwamba mwanangu Maysun ameposwa. Kijana anaitwa Imad, daktari wa meno wa Yerusalemu, mpole, na anakula kama aliyetoka kufunga siku arobaini. Walikutana chuoni, Bethlehemu.

Washenga walitakiwa wafike Jumapili saa kumi alasiri. Shemeji yangu Abu Salameh, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu mume wangu afariki, alikusanya wazee kumi na wanane sebuleni. Saa kumi ikapita. Ilipofika kumi na nusu wazee wakaanza kutazamana. Abu Salameh unamjua: aliwahi kuikataa posa ya binti yake mwenyewe kwa sababu mshenga alikuwa anatafuna ubani. Akasema, madirisha yakatikisika, kwamba watu wa Yerusalemu wanatuona vibarua wao. Binamu Jubran naye akachochea kuni: labda wamepata bibi harusi mwingine njiani, wa bei nafuu. Maysun chumbani alikuwa ameshalia mpaka wanja umefika kidevuni.

Saa kumi na moja magari sita yakaingia yakipiga honi. Wakashuka na suti zao, wanatabasamu, wanajiona wamewahi. Abu Salameh akawaonyesha saa ya ukutani. Babu yake Imad akamwonyesha ya mkononi: saa kumi kamili. Hapo ndipo watu wakakumbuka. Waisraeli walirudisha saa nyuma kwa saa moja mwanzoni mwa mwezi, kama kila mwaka kiangazi kikiisha, na Yerusalemu inafuata saa yao. Mamlaka yetu itarudisha mwezi ujao, ili mradi tusifanane nao. Kwa hiyo siku hizi ukitoka hapa kwenda huko, mwendo wa dakika ishirini, unafika kabla hujaondoka.

Basi ikawa kelele. Jubran akapiga kelele kwamba posa inaletwa kwa saa ya mwenye binti. Babu akamjibu, "Sisi ndio tunaopita kwenye kizuizi cha jeshi barabarani, bwana! Askari pale anatazama saa yenu?" Umm Imad, mama wa kijana, akasimama akasema kosa ni lake, hakuuliza. Mshenga wao akakiweka kikombe cha kahawa chini bila kukigusa, kama ilivyo desturi, akingoja jibu.

Abu Salameh akainuka. Nilishika fremu ya mlango. Akasema alizaliwa chini ya Waingereza, akaoa chini ya Wajordani, akaota mvi chini ya Waisraeli, na sasa anatawaliwa na ndugu zake mwenyewe, na kila aliyekuja alimgeuzia saa bila kubisha hodi. "Hao wote nimeshindwa kuwafukuza. Nije nimfukuze mwana wa watu aliyebisha hodi? Kunyweni kahawa, inapoa!" Watu wakaangua kicheko, wanawake tukapiga vigelegele, na Imad akamaliza sinia la kunafa, na jibini na shira yake yote, karibu peke yake.

Sasa, kaka, funga mlango usome peke yako. Umm Imad aliniuliza. Aliniuliza kwenye simu mara mbili: saa yenu au yetu? Nami nikamjibu, kwa kusudi, ya kwenu. Nilijua Abu Salameh hangoji mtu. Nilitaka posa ivunjike na lawama ziiangukie saa. Na yule mama akabeba kosa langu mbele ya wazee wote, bila hata kunitupia jicho. Naona haya mpaka leo.

Maysun ana kitambulisho cha kijani cha huku kwetu, Imad cha bluu cha Yerusalemu. Ataishi kwa mumewe kwa kibali cha Waisraeli, cha kuombwa tena na tena, na wapo wanaokingoja miaka. Nilikuwa nakufikiria wewe. Ulituaga kwa masomo ya miaka miwili, vita vya sitini na saba vikakukuta huko, Waisraeli wakaja kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, hukuwepo. Ukawa mgeni kwenu. Niliogopa makaratasi yasinichukulie wa pili.

Juzi nilimweleza Maysun yote. Alicheka, akasema, "Mama, mimi naogopa kuliko wewe. Lakini mjomba hatumwoni kwa sababu ya makaratasi tu? Si hataki kuja kama mtalii?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Miaka thelathini unasema huingii kwenu kwa viza, na miaka thelathini nimekuheshimu. Leo sikuheshimu tena. Arusi ni tarehe 14 Novemba, na msichana asiye na baba hutolewa nyumbani na mjomba wake. Abu Salameh amesema nafasi hiyo haigusi, ni yako. Meza kiburi, Khader, upande ndege na pasi yako ya Chile. Wakikuuliza pale uwanjani umekuja kutembelea nini, waambie dada yako.

Wifi nambusu mashavu yote mawili, na watoto mmoja mmoja.

Nduguyo akupendaye,
Afifa