Upande wa Pili wa Kaseti

Jumamosi, 5 Machi 1983, Ibra, Omani
Skuli, wali, kitabu. Ukurasa wa arubaini. Mwalimu mwenzangu kutoka Ireland kaniazima: mwanamke wa kwao, mtunga riwaya, kajiandikia maisha yake. Nasomesha Kiingereza miaka minane na bado nalala na kamusi. Wanafunzi wasijue.

Mama hutaka nimsimulie wakati wa kahawa. Bibi wa mwandishi, Mama kampenda. Mwandishi mwenyewe, hapana. "Mambo ya ndani kayatoa barazani! Hana haya huyu."

Jumatatu, 7 Machi
Mimi nampenda. Anasema waziwazi alivyokuwa mwoga. Mimi hata humu nazunguka.

Basi niseme. Kaseti ya mdogo wangu Salma imo kabatini, chini ya mashuka, tangu Ramadhani. Msafiri kaileta kutoka Unguja. Sijaisikiliza. Mama namwambia hakijaja kitu.

Tulipoondoka Unguja mimi na Mama, nilimwambia Salma angoje mwezi mmoja, nitamwita. Miaka kumi na minane sasa. Mwanzo njia ya kumleta haikuwapo. Baadaye ikawapo, nikanyamaza. Naogopa sauti yake.

Kaseti zetu hujazwa upande mmoja. Wa pili huachwa mtupu kwa majibu, kisha hurudishwa. Kwa hiyo najua: anangoja tena.

Jumatano, 9 Machi
Mwandishi kaitia motoni barua ya dada yake, hakuifungua. Dada akafa. Nilikasirika. Nikamsimulia Mama huku nikimtukana mwandishi: moyo wa jiwe, mwanamke gani huyu!

Mama katikisa kikombe, kahawa imemtosha. "Afadhali yeye kasema. Na wewe Zuwena, ile kaseti chini ya mashuka waingoja iive?"

Kumbe mashuka hupanga yeye.

Alhamisi, 10 Machi
Tumeisikiliza. Salma hakunilaumu. Hilo limeuma zaidi. Kaeleza paa linalovuja na kuku wa jirani. "Shikamoo Mama" mara tatu. Kisha: "Dada, umenenepa? Sema kweli."

Mama kalia, kacheka, kataka irudiwe. Nikairudia. Kwa miezi minane nilimnyima hii.

Ijumaa, 11 Machi
Mtu wa Al Qabil anasafiri kesho kwenda Unguja, ataichukua.

Upande wa pili umejaa. Mama kachukua karibu wote, na kuku wa jirani kawasalimia. Nikabakiwa na dakika chache. Nimeomba radhi. Nimekiri unene. Nikaanza kumhadithia habari za yule mwandishi na barua aliyoichoma, kaseti ikaisha katikati.

Itambidi Salma aulize.