Shemeji Amehamia Kwenye Mashine, Nami Nimeshuka Jukwaani

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla wiki hii haijaisha, kwa sababu nimebakiza kusema neno moja tu la ndiyo, na nikilisema nadhani sitaweza kulirudisha.

Mimi ni fundi wa majokofu, mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini tangu ujana wangu nimekuwa mpiga ngoma katika bendi ya roki ambayo watu wa rika langu hapa mjini wanaijua, na kiongozi wake, anayeimba na kupiga gitaa, ni rafiki yangu wa shule ambaye baadaye alimwoa mdogo wangu wa kike, kwa hiyo ni shemeji yangu, ingawa sijawahi kumwita shemeji, namwita Profesa kama tulivyozoea kwenye bendi, hata mezani kwa mama.

Ili unielewe lazima nikupeleke kwanza kwenye chumba chetu. Tulikuwa tunafanyia mazoezi katika stoo iliyo nyuma ya karakana ya seremala, jioni msumeno ukishazimwa, katikati ya mbao zilizoegemezwa ukutani, vumbi la mbao likituingia puani na kwenye nyaya, na tulibandika trei za mayai kuta zote ili majirani wasitulaani, nao wakatulaani vilevile, na Mzito, mpiga besi wetu, alikuwa anakalia kreti la soda kwa sababu viti vyote vilivyokuwemo vilikuwa vya wateja na gundi yake haijakauka, na mpaka leo nikipita mahali wanapopiga randa mbao mbichi, moyo unaniruka, natafuta vijiti vyangu mfukoni kama mwendawazimu.

Tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Hakuna wimbo ulioanza kabla mimi sijagonganisha vijiti, moja, mbili, tatu, nne. Profesa anasimama mbele akinipa mgongo, hageuki, hanikonyezi, anasubiri vijiti tu, na kama nimekawia kwa kufuta jasho, ukumbi mzima unakawia nami. Tena pedali ya ngoma yangu kubwa ilikuwa na kilio chake, kila nikiikanyaga inalia kama panya aliyekanyagwa mkia, watazamaji hawasikii lakini sisi tunasikia, na siku seremala alipotuletea kopo la mafuta kwa huruma zake, Profesa alimshika mkono akamwambia, “Mzee, iache hivyo hivyo. Mimi huyu huwa nampa mgongo. Hiyo ndiyo inayoniambia yupo.”

Basi, mwaka juzi Profesa akanunua kimashine chenye vitufe vinavyowaka taa, baadaye akanunua kingine, mdogo wangu akawa anacheka kwamba ameolewa na mtu wa kubonyezabonyeza, nasi tukacheka pia mpaka vile vimashine vilipohamia stoo, vikapata meza, na gitaa likapata msumari ukutani. Nyimbo zikawa hazina kiitikio, nyingine hazina hata maneno, kuna sauti pale ambazo mteja akiniletea jokofu linalonguruma hivyo namwambia aliage. Nikamuuliza Profesa ana nini, naye hakukasirika, alisema zile nyimbo tulizitunga tukiwa na miaka ishirini na kila akiziimba sasa anajiona mtu mzima aliyevaa kaptura ya shule, na kwamba ana mambo mengine ya kusema ambayo gitaa limekataa kumsaidia kuyasema. Siku moja akaniomba nije stoo peke yangu, akatega maikrofoni, akataka nipige kila ngoma mara moja, kisha nitulie mpaka sauti iishe kabisa, ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, hata nikanyage pedali bila kupiga kitu kingine chochote, nami nikadhani anatafuta kasoro kwenye ngoma zangu, nilipomuuliza akasema, “Utaona.” Sikuona kitu.

Albamu mpya ilipotoka mashabiki waligawanyika kama familia iliyofiwa. Wa zamani wanasema tumeizika bendi tukiwa hai, vijana wanasema ndiyo kwanza imezaliwa, na kwenye kundi la simu watu waliokuwa wanapeana lifti kuja kwenye maonyesho yetu sasa wanatukanana. Mzito yeye hana habari, anasema atapiga besi hata kwenye harusi ya majini mradi apewe kiti. Mimi niliisikiliza nikiwa karakana kwangu, nikaizima kwenye wimbo wa tatu, kwa sababu chini ya makelele yote kulikuwa na kitu kinalia taratibu kama bawaba ya mlango mkubwa, kinakwenda na kurudi, nikasema mashine zote hizo na hakuna aliyegundua kwamba kuna kitu hakijatiwa mafuta.

Halafu likaja onyesho la kuizindua, katika ukumbi ule ule tulioanzia. Nilikaa nyuma ya ngoma zangu, nikainua vijiti kama siku zote, na kabla sijavigonganisha mashine ikaanza yenyewe. Profesa alikuwa amenipa mgongo vilevile kama zamani, ila safari hii hakuwa anasubiri kitu, nami nikabaki na vijiti juu kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono na mwalimu hamtazami. Nusu ya ukumbi ilikuwa inapiga miluzi ya kuzomea, wengine wanadai magitaa. Nikaviweka vijiti juu ya ngoma ndogo, nikatokea mlango wa nyuma, na wale wa magitaa wakanipigia makofi mpaka nasikia nikiwa nje.

Kesho yake nikawa shujaa. Sasa mashabiki hao pamoja na mwenye ukumbi wanataka nifanye onyesho la nyimbo za zamani tupu, kwa jina la bendi yetu, ambalo kweli nililibuni mimi na kila mtu anajua, na wamempata kijana anayeiga sauti ya Profesa hata ukifumba macho unadanganyika. Mabango yanasubiri jibu langu. Mdogo wangu amekuja kwangu, anasema mumewe haongei, amekaa na vile vimashine hata hajaviwasha, akaniuliza, “Kaka, niambie basi nimkose nani, mume au wewe?” Mke wangu naye ananiuliza kama nimekasirikia muziki au nimekasirikia rafiki yangu, na sijui nimjibu nini. Mshauri, jina la bendi ni haki yangu. Nilichukue, au nirudi nikakae nyuma ya ngoma ambazo hazihitajiki tena?

Mimi mpiga ngoma niliyeshuka jukwaani.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Fundi, marahaba. Umeniandikia barua ndefu na nzuri, na nimeisoma pole pole kwa sababu umenipeleka stoo kweli, hata nikatamani kufuta vumbi la mbao kwenye miwani. Lakini niambie, mtu uliyekaa nyuma ya mgongo wake tangu ujana, umemwandikia yeye mstari hata mmoja? Mimi hunijui, umenimwagia moyo wote. Yeye umemwachia vijiti juu ya ngoma. Umekosea anwani.

Pole, hata hivyo. Umeumizwa, wala sitakwambia ni mambo madogo. Mtu aliyezoea kusubiriwa, siku asiposubiriwa, anajiona amefutwa.

Sasa nivumilie nikueleze jambo, maana nilifundisha miaka mingi na ugonjwa wa kueleza haujanitoka. Watu wengi hudhani mashine za muziki huja na sauti zake tayari kutoka kiwandani. Ziko za namna hiyo. Lakini ziko nyingine ambazo zenyewe ni bubu. Unazirekodia sauti, zinaihifadhi, halafu mwenye mashine anaikata, anairudiarudia, anaivuta kama mpira. Na sauti ikivutwa ikaenda polepole, inabadilika umbo: iliyokuwa nyembamba na ya haraka inakuwa nzito na ndefu. Sasa chukua kilio cha panya aliyekanyagwa mkia, ukivute polepole mara nyingi. Utasikia nini, Fundi? Wewe mwenyewe umeniandikia. Bawaba ya mlango mkubwa.

Maelezo yako yaliwatosha watu wa nyumbani kwangu kuipata albamu hiyo. Nimeusikiliza wimbo wa tatu mpaka mwisho, kitu ambacho wewe hukufanya. Kile kinacholia hakikomi. Sauti nyingine zinakuja na kuondoka, chenyewe kinabaki, na mwishoni zote zinanyamaza kinabaki peke yake, kisha kinaongezwa mwendo kidogo kidogo mpaka kinakuwa kilio chembamba, cha haraka. Ndipo wimbo unaisha. Sikuwapo siku ile ya maikrofoni, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mtu aliyekutaka ukanyage pedali peke yake, bila kupiga kitu kingine, hakuwa anatafuta kasoro. Mwanangu, ulichokizima kwa hasira karakana kwako ni mguu wako mwenyewe.

Usifikiri nimemsamehe shemeji yako. Nitamsema hapa, na kama anasoma gazeti asikie. Profesa, “utaona” si maelezo. Mtu unayemtegemea kiasi cha kumjengea wimbo, unamwambia. Na kumwacha ameinua vijiti mbele ya ukumbi mzima, huku ukijua wimbo wenu huanzia mikononi mwake, ni utovu wa adabu, hata kama akili yako ilikuwa kwenye vitufe. Pengine ulitaka kumshangaza kwa zawadi. Zawadi isiyofunguliwa haijulikani kama ni zawadi.

Narudi kwako. Muziki huo huna wajibu wa kuupenda. Mimi mwenyewe, nikwambie kweli, wimbo wa tano ulininyanyua kitini nikaenda kuangalia kama bomba la jikoni linavuja. Rafiki yako ana haki ya kuzeeka katika nyimbo zake, nawe una haki ya kutamani zile za zamani. Ila jiulize ni nini hasa unachotamani. Nimehesabu katika barua yako: trei za mayai, vumbi la mbao, kreti la Mzito, kopo la mafuta la seremala. Wimbo wenyewe hukuutaja hata mmoja. Unatamani jioni zile na watu wale, na hizo hakuna mwenye ukumbi anayeweza kuzitundika kwenye bango. Kijana huyo ataimba kama Profesa, sikatai, na wewe utagonganisha vijiti, na watu watalia kwa raha. Lakini naye atakapokupa mgongo, atakuwa anasikiliza nini? Hajui kama pedali yako inalia. Akiisikia atakwambia uitengeneze.

Na wale waliokupigia makofi ulipotoka, usiwabebe kichwani. Walikuwa wanashangilia kuvunjika kwa kitu wanachosema wanakipenda. Wewe ulitoka kwa uchungu, wao wakaona ni ushindi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hujalala, mwambie mwenye ukumbi kwamba jina halitoki. Ulilibuni wewe, sawa, lakini limelishwa na wote, na ukilibeba peke yako, uzito wake utamwangukia mdogo wako. Siku bendi nzima ikikubali kupiga za zamani, itapiga. Huo si mkataba wako peke yako. Kisha mwite mdogo wako umwambie kwamba hatamkosa mtu, na asikubebee ujumbe kwenda kwa mumewe. Yeye si tarishi wenu. Mke wako naye umjibu swali lake kwa ukweli, maana aliuona ugonjwa kabla yangu.

Halafu nenda stoo jioni, msumeno ukishazimwa. Nenda na vijiti, bila shabiki hata mmoja nyuma yako. Usianze na mashitaka ya albamu. Kaa mahali pako nyuma ya ngoma, umwambie akuwekee wimbo wa tatu, na safari hii usikilize mpaka mwisho hata kama meno yanakuuma. Ukiisha, mwambie maneno matatu tu: “Ulianza bila mimi.” Kisha unyamaze, kama alivyokufundisha siku ile, mpaka sauti iishe kabisa. Mwache yeye ndiye atafute la kusema.

Na kuna jambo moja la kumdai, usilipunguze. Nyimbo zote, za gitaa na za vitufe, zianze kwa vijiti vyako. Mashine isubiri kama alivyokuwa anasubiri yeye. Kama ina akili zote hizo haitashindwa kusubiri hesabu ya nne. Akikataa hilo, basi ondoka, tena kwa mlango wa mbele, ukiwa umeaga, jina umeliacha mezani, na Jumapili mkutane kwa mama kama mashemeji. Lakini sidhani kama atakataa. Mtu aliyekaa mbele ya mashine zilizozimwa, haongei, nadhani anakusubiri, ila hajui umeenda wapi.

Na hiyo pedali, Fundi, usije ukaitia mafuta.