Grili Ulilomchomelea Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani, mlango wa mbele.
Jumapili, 9 Agosti.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu za sisi uliotuacha hapa, tungali wazima na tungali wabishi. Mimi sijambo. Mama hajambo, ila magoti yake sasa yanatabiri mvua kuliko redio. Mjomba naye yupo, anakula, analala, na anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wewe je? Kile kifua kilichokuwa kinakubana asubuhi kimeachia? Unakula chakula cha maana, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mtu aliyehamia jana? Nijibu swali moja moja. Usinijibu "niko poa tu" kama unavyofanya kwenye simu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ikilia, mama husogeza kiti hadi sikio lake linakaribia kuwa langu. Haya ninayotaka kukueleza yanamhusu yeye, na yeye hapendi kuhusika.

Tulipata moto mtaani. Usishtuke, si kwetu, ni nyumba ya nyuma, kwa kinyozi. Alichomeka vitu vyake vyote kwenye ekstensheni moja, feni, birika, chaja na mashine za kunyolea, akaipitisha chini ya zulia ili pasionekane vibaya, akajilaza mchana. Zimamoto wanasema moto wenyewe haukuzidi ukubwa wa godoro. Lakini kinyozi alitolewa dirishani, na kabla ya kumtoa yeye ilibidi kwanza dirisha litolewe. Nilisimama pale nikaona. Maji yapo, watu wapo, na wote wanamngoja mtu mmoja anayekata nondo. Ndani kinyozi anakohoa. Kisha kikohozi kikakatika.

Yuko hai. Sauti tu ndiyo imebadilika, anaongea kama mlango usiotiwa mafuta, na bado anaongea sana.

Tangu siku hiyo nikawa na swali lililonikaa kichwani kama sindano iliyopotea ndani ya kitambaa, unajua iko, hujui itakuchoma wapi. Kama moto ulikuwa mdogo vile, kilichotaka kumuua kinyozi ni nini hasa?

Jibu lilikuja lenyewe juma lililofuata, limevaa buti. Zimamoto walipita nyumba kwa nyumba kutoa ushauri. Kiongozi wao ni mama mmoja mfupi, mzito, wenzake wanamwita Afande. Mtaa umeshamwongezea jina: Afande Kifuniko. Sababu yake ni hii. Alituita uani, akaweka kikaango cha mafuta juu ya jiko lake la kubebeka, akayaacha yachemke mpaka yakawaka yenyewe. Akauliza nani atauzima moto huo. Mjomba, usimwambie nimekuandikia hili, alishaingia bafuni na kutoka na ndoo.

"Mzee, hiyo ndoo unampelekea nani?" Afande akamwuliza.

"Moto."

"Weka chini, baba. Ukiyamwagia maji mafuta haya, moto utakufuata wewe na nyusi zako."

Akachukua kifuniko cha sufuria, akakitelezesha juu ya kikaango taratibu kama anayemfunika mtoto shuka, akazima gesi. Basi. Hakuna kelele. Nilitaka akifunue nione, akanipiga kofi la mkononi. Kumbe ukifunua mapema moto unapata pumzi, unarudi na hasira. Kaka, nimekaa miaka yote hii nikidhani moto unakula kuni. Kumbe unakula na hewa vilevile, na ukiunyima hewa unakufa kimyakimya.

Nikamwuliza swali langu la kinyozi. Akasema ni moshi. Sisi tunausoma moshi kama dalili, kama mawingu na mvua, lakini kwa mtu aliye ndani moshi ndio hatari yenyewe, imeshafika. Moshi hupanda, hujaza chumba kuanzia darini, na mtu aliyelala hasikii harufu yake. Ndiyo maana ya kufunga mlango wa chumba unapolala, ili moshi ubishe hodi kwanza. Ndiyo maana ya kutambaa, kwa sababu pumzi ya mwisho ya chumba iko sakafuni. Na mlango ukiufikia, uguse kwa mgongo wa mkono kabla hujaufungua. Ukiwa wa moto, uache, tafuta njia nyingine.

Unanijua mimi na kusikia mambo bila kuyajaribu. Walipoondoka nikatambaa nyumba nzima, kuanzia cherehani mpaka chumba cha mama. Nakuhakikishia nyumba ya kutambaa si nyumba ya kutembea. Nimeona pasi yangu imechomekwa soketi moja na taa na cherehani, na vipande vya vitambaa vimelala chini yake vikisubiri. Nimehamisha. Na chini ya kitanda cha Mjomba nimekuta kibiriti na vichungi vya sigara. Yule aliyeacha kuvuta. Nilipomwonyesha akasema ni vya panya. Nikamwambia basi panya huyo ana kikohozi kama chako. Afande alishasema sigara ya kitandani ni mgeni anayelala baada ya mwenyeji, kwa hiyo Mjomba sasa anavutia nje, na panya amepona.

Ningeishia hapo, ungecheka, tungeagana. Lakini Afande alirudi Alhamisi.

Alisema ushauri wa mdomo hauna kazi mpaka miguu iuelewe. Akataka kila mtu aingie chumbani kwake, afungwe kitambaa machoni, na Afande akisema "moto" atoke nje bila kuona. Mimi nilitoka, ila nilibeba mkasi, sijui kwa nini. Mjomba alikwenda kuitafuta redio kwanza. Afande akamwambia ameshakufa, akae pembeni. Mjomba akakaa pembeni, marehemu, akaendelea kutoa ushauri.

Ikafika zamu ya mama. Unakumbuka chumba chake kilivyo, mlango wake unafungukia jikoni, na hakuna mlango mwingine. Afande akaenda akasimama jikoni, katikati, kando ya mtungi wa gesi. Akasema, "Mimi ndiye moto." Mama akatoka akipapasa ukuta, mtandio umemziba macho, mpaka mkono wake ukamgusa Afande begani.

"Mama, hapa hapapitiki. Mimi ni moto."

"Moto mwanangu," mama akasema, "nipishe basi, mimi ni mtu mzima."

Tukacheka sote. Hata Afande alicheka, lakini hakusogea.

"Moto haupishi mtu mzima, mama. Tafuta njia nyingine."

Mama akageuka. Akarudi chumbani, akagonga kitanda, akakizunguka, akafika dirishani. Akalishika grili lako. Akasimama hapo ameshika nondo, uso umeelekea nje kwenye upepo, na kitambaa machoni.

"Haya," akasema, "nimefika. Sasa?"

Nilimtazama Afande nikitegemea hekima, naye alikuwa anatazama viungo ulivyochomelea.

Baadaye Afande alituambia wazi, bila kumtisha mtu. Jiko likiwaka, mama hana njia ila dirisha, na dirisha halifunguki. Grili si lazima liondoke. Likatwe, upande mmoja liwekwe bawaba, na upande wa pili komeo la ndani lisilotaka ufunguo, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Mtungi wa gesi nao utoke jikoni ukae nje, bomba lipitishwe ukutani. Mtungi nimeutoa siku ileile. Grili ndilo lililobaki.

Mama amekataa.

Mjomba alimsaidia kukataa. Alisema moto huja mara moja katika maisha na mwizi huja kila juma. Afande akamjibu kwamba mwizi huchukua televisheni na kuondoka nayo, hajawahi kusikia mwizi aliyekaa na mwenye nyumba mpaka wote wakaisha. Lakini kwa mama wezi si hoja, na wewe unajua kwamba si hoja. Uliliweka grili lile juma lile ulilosafiri. Wengine wakiondoka huacha picha, wewe ulimwachia mama chuma. Mama hulipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso. Amelipaka rangi mara ngapi sijui. Wageni wakija huwaonyesha, "Hii kazi ya mwanangu, sukuma uone." Watu wazima wanaacha chai wanakwenda kusukuma dirisha.

Nilimleta rafiki yako Fundi Miwani kwa siri ndogo, nikasema amekuja kusalimia. Mama si mtoto. Alimkaribisha, akamnywesha chai, akaweka kiti chake mbele ya dirisha na kukikalia mpaka fundi akaaga. Mlangoni akamwambia, "Mkono wako mzuri, baba. Lakini aliyefunga ndiye atakayefungua." Miwani alitoka ananiambia kwamba na yeye asingependa kulikata, viungo ulivyochomelea ni vizuri mno. Nikamwambia asante, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Basi ndugu yangu, nilikaa kukuandikia ili nikuombe jambo moja. Mpigie mama. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie wewe mwenyewe umesikia huko uliko habari za moto na madirisha, mwambie grili lako linaweza kufunguka na likabaki lako. Mimi akinikatalia anakuwa amemkatalia mtoto wa nyumbani, amezoea. Wewe hajawahi kukukatalia kitu, hata ulipoaga.

Nilikuwa nimefika hapo, nikasimama kupasha chai. Sasa nimerudi, na mambo yamegeuka.

Niliporudi nilimkuta mama amesimama karibu na cherehani. Kusoma mwandiko wangu hawezi bila miwani yake, na hakuwa nayo, lakini hakuhitaji.

"Unamwandikia habari za dirisha," akasema.

Nikasema ndiyo. Nikangoja ugomvi. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu yangu mawili matatu.

Akavuta kiti akaketi. "Mwambie nimekubali, Miwani alikate," akasema. "Ila bawaba zikae kulia, komeo likae kushoto. Na liwe chini."

Nikamwuliza kwa nini kushoto, nikidhani ni ubishi wa kufungia mazungumzo. Akanyanyua mkono wa kulia kunionyesha. Ulifika begani ukakoma. Akaushusha kwa mkono wa pili, kama mtu anayemteremsha paka mezani.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya mvua. Usimwandikie hilo."

Nimekuandikia. Naishi naye nyumba moja, nampima nguo, najua kiuno chake kwa kukitazama tu, na sikujua. Anasema tangu Alhamisi, kila tunapotoka, amekuwa akifunga macho mwenyewe na kujaribu. Kutoka kitandani hadi dirishani anafika vizuri. Amejaribu komeo la mlango wa choo mara nyingi ili ajue mkono wa kushoto una nguvu kiasi gani. Kumbe wakati mimi nikipanga hila za kumshawishi, yeye alikuwa ameshapima dirisha kuliko fundi.

Jumatano nampeleka hospitali kwa ajili ya mkono huo. Amekubali kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba Mjomba asije.

Jumamosi Fundi Miwani anakuja na mashine yake ya kukatia. Barua hii anakuletea binti wa jirani anayesafiri kesho, kwa hiyo utakuwa umeipata kabla. Usimbembeleze mama tena, ameshaamua. Jambo ninalokuomba sasa ni hili: Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, piga simu. Nitaiweka dirishani. Mama atafunga macho, atatoka kitandani, na wewe utasikia komeo likivutwa na grili lako likifunguka. Ukisikia kimya kirefu usikate simu. Ni mkono wa kushoto, unajifunza.

Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini. Kinyozi anakusalimu kwa sauti yake mpya. Mjomba anakusalimu na kukushauri usivute sigara. Msalimie mwenye nyumba wako, na nakuomba leo kabla hujalala ufunge macho utafute mlango wa chumba chako huko, kisha uniandikie mkono wako umegusa nini kwanza.

Mungu akulinde huko tusikokuona, akupe usingizi mzuri na njia mbili za kutokea.

Ni mimi, mdogo wako wa kike, anayekupenda na kukuchunguza hata kwa mbali.